Jinsi Nkwabi Alivyopungua Akiwa Amekaa

Vijana wangu, kazi yangu ya maisha ilikuwa kushibisha watu. Nilianza kuosha masufuria katika hoteli ndogo pale Shinyanga, ambako chakula kilikuwa wali, maharage na matusi ya mwenye hoteli. Kisha nikavuka kwenda Geita, enzi za Mwingereza, nikaingia jiko la mgodi wa dhahabu, na huko ndiko nilikozeekea. Mkiniuliza ni chakula gani kinachomsumbua mpishi kuliko vyote, mtadhani nitataja pilau ya harusi. Pilau ina wenyewe, na ikiungua utawalaumu waliochochea moto. Chakula kinachosumbua ni cha mtu mmoja anayetakiwa kupungua, naye hana miguu ya kumpeleka popote.

Nimekumbuka hayo kwa sababu juzi binti mmoja kati yenu alikaa hapa barazani, magongo yake ameyaegemeza ukutani, akaniuliza mtu asiyeweza kutembea atapunguaje mwili. Alidhani ananitania. Sikumjibu palepale, maana jibu lake ni refu na lina mtu ndani yake. Mtu huyo aliitwa Nkwabi.

Kwanza niwape habari za jiko. Mpishi mkuu wetu alikuwa Mzee Feruzi, mtu wa Ujiji, Mwislamu mwenye kofia ya viua ambayo hakuivua hata mbele ya moto. Hakunifundisha kwa kusema sana. Siku ya kwanza alinisimamisha mlangoni pale sahani chafu zinaporudi, akaniambia nisitazame sufuria, nitazame kilichobaki kwenye sahani. Nilisimama pale hadi nikajua nani anaacha ngozi ya samaki, nani anaficha kipande cha ugali mfukoni, na nani hana hamu ya kula kwa sababu amepata habari mbaya kutoka kwao. Mpishi asiyejua hayo anapika gizani.

Lakini msidhani Mzee Feruzi alikuwa malaika. Asubuhi moja, kwa haraka, alichota magadi ya maharage akayatia kwenye birika la chai ya wanyapara akidhani ni sukari. Mnyapara mkuu alikunywa kikombe kizima, akafuta mdomo, akasema chai ya leo ina nguvu. Tulikimbilia nyuma ya stoo ya kuni tukacheka mpaka tukakaa chini. Tangu siku hiyo, kila kitu cheupe jikoni tulikionja kwanza. Nanyi onjeni. Macho ni mashahidi wabaya kwenye vyakula.

Sasa Nkwabi. Alikuwa Msukuma mwenzangu, kwao upande wa Kolandoto, na kazi yake mgodini ilikuwa kushika winchi, ile mashine ya mvuke iliyovuta mawe na watu kutoka shimoni. Alikuwa mwembamba, mwepesi, mpenda utani, na watu waliokuwa wakishuka chini walipenda kujua kwamba aliyeshika usukani wa winchi siku hiyo ni yeye. Siku moja aliteremka mwenyewe kukagua kamba, nguzo ya mbao ikachomoka ikampiga kwenye nyonga. Alikaa hospitali majira mazima ya mvua. Alipotoka, nyonga ilikuwa imeunga upande, mguu wa kulia haubebi kitu. Akawa anajikokota kwa magongo mawili, kutoka kitandani hadi mlangoni, na kutoka mlangoni hadi kwenye kiti.

Hakufukuzwa. Alipewa kazi ya kukaa kwenye chumba cha taa, kuwagawia watu taa za kabaidi wanapoingia zamu na kuzipokea wanapotoka. Kila asubuhi wenzake wawili walimpeleka kwa toroli la magurudumu, jioni wakamrudisha. Ilikuwa kazi nzuri kwa mtu aliyejua majina ya wote. Na kwa kuwa wote walimpenda, hakuna aliyepita mkono mtupu. Huyu karanga, huyu muwa, huyu paja la kuku alilobakiza, yule kitumbua. Nyumbani mkewe, Mama Kabula, naye alimpikia kama mtu anayemshukuru Mungu kwa kumrudishia mume akiwa hai: ugali wenye mlima, nyama yenye samli, chai ya maziwa na sukari hadi kijiko kisimame.

Akanenepa. Nasi tukafurahi. Kwetu Usukumani wakati ule mtu akinenepa hatukuuliza amekula nini, tulisema mambo yake yamenyooka. Aliyekonda ndiye aliyeulizwa maswali. Tulimwambia Nkwabi amenawiri, naye alijipiga tumbo akasema ajali imemfanya kuwa mtemi. Kiti cha chumba cha taa kilikuwa na mikono ya mbao. Mafundi wakaikata ili aingie.

Kitu cha kwanza kutofurahi kilikuwa goti lake la kushoto, lile la mguu mzima. Lilivimba. Daktari wa mgodi alilibonyeza akamweleza bila kumficha: goti hilo moja linabeba kazi ya mawili, na juu yake ameongeza mzigo wa mtu mwingine. Likifa, hatasimama tena. Ale kidogo, mafuta apunguze, sukari aache. Nkwabi aliitikia ndiyo bwana, akarudi nyumbani akala. Sisemi kwa kumcheka. Mwambie mtu ale kidogo, na umemwambia jambo la kweli ambalo hajui ataanzia wapi kulifanya.

Wote tulijua maana ya kutosimama tena. Asingeweza kuingia chumba cha taa. Na nyumba za kambi zilikuwa za wafanyakazi; asiyefanya kazi alifunga mizigo yake. Binti yao Kabula alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule, na kule kwao hapakuwa na shule ya karibu.

Hata hivyo si goti lililomgeuza. Ni mgongo wa mkewe.

Kila alfajiri Mama Kabula alimpitishia mikono kwapani akamwinua kitandani. Kitanda chenyewe kilikuwa cha kamba, na kamba zilikuwa zimelegea hadi zinakaribia kugusa sakafu, kwa hiyo ilikuwa kama kumtoa mtu kisimani. Asubuhi hiyo aliinua, kitu kikalia kiunoni, wakaanguka wote wawili. Nkwabi alinisimulia kwamba walikaa pale chini wakacheka, maana walionekana kama magunia mawili yaliyodondoka kwenye lori. Kisha yeye akasubiri mkewe ainuke amsaidie, na mkewe hakuinuka.

Nilimkuta Mama Kabula baadaye siku ile kwenye mlango wa jiko, ameinama kama anatafuta kitu kilichoanguka, amekuja kuomba maji ya moto na chumvi ya kujikanda. Nilimpa pole. Alinijibu kwa sauti ya kawaida tu.

"Sijamchoka, shemeji. Ni mgongo ndio umechoka."

Jioni Nkwabi aliniita. Nilimkuta amekaa mlangoni, hana utani. Akaniuliza kama chakula kinaweza kuendeshwa kama winchi, maana winchi inayopandisha ndiyo hiyohiyo inayoteremsha.

"Shija," akaniambia, "wewe umejifunza kunenepesha watu. Je, unajua kurudisha nyuma?"

Nikamwambia ukweli kwamba sijui. Lakini nilitaka kujua, na ile hamu ya kujua ilinishika mpaka nikawa naiota.

Njia yangu ya kwanza ilikuwa ya kijinga, nawaambia ili msiirudie. Nilidhani kupungua ni kunyimwa. Nikamwomba Mama Kabula asimpikie kitu, nami nikawa nampelekea uji mwepesi asubuhi na jioni, uji ambao ndani yake ungeweza kuona kitako cha bakuli. Siku za mwanzo alivumilia kama askari. Halafu akawa mkali, akagombana na watu kwa ajili ya punje ya kabaidi. Mwishowe alimwita mama wa Kiswahili aliyeuza sambusa nje ya lango, akanunua karai lote na kulimaliza, kisha akalala usingizi wa mchana kazini. Mzee Feruzi alipopata habari hakunigombeza. Alisema mtu ukimnyima chakula, roho yake yote inahamia kwenye chakula, na sasa nimemfanya Nkwabi awaze sambusa kuliko hata alivyowaza siku zote. Akanikumbusha mlango wa sahani. Alisema nimezisoma sahani za kambi nzima; je, za Nkwabi nimezisoma?

Sikuwa nimezisoma. Basi siku yangu ya mapumziko nilichukua kigoda nikaenda kukaa chumba cha taa tangu asubuhi. Nilimwambia nimekuja kupiga soga. Kwa kweli nilikwenda kutazama.

Zamu iliingia. Kelele, taa, utani, mikono ikipita dirishani na vifurushi vyao. Wakati huo, vijana, Nkwabi hakula hata punje moja. Alikuwa na kazi. Kisha watu wakateremka, chumba kikawa kimya. Ukisikiliza ulisikia winchi kwa mbali na, mara mojamoja, baruti ikigonga chini kwa chini kama mtu anayebisha hodi. Hapo ndipo mkono wake ulipoanza. Karanga, karanga, muwa, karanga. Macho yake hayakuwa kwenye chakula. Yalikuwa sakafuni. Nikimsemesha alijibu, lakini mkono uliendelea wenyewe, na baruti ilipogonga uliongeza mwendo.

Nikamuuliza taratibu kama ana njaa.

Aliusimamisha mkono. Akautazama kama amekuta mkono wa mtu mwingine kwenye kopo lake.

"Hapana," akasema. "Wako chini."

Hakufafanua, nami sikumwomba afafanue. Alikuwa mtu aliyeisikia nguzo ikichomoka. Kila zamu ilipoteremka yeye aliteremka nayo kwa masikio, na kutafuna kulimsaidia asisikie sana. Zamu ilipopanda, taa zote zikarudi, mkono ulitulia tena hadi kesho.

Nilirudi jikoni nina furaha kama mtu aliyeokota dhahabu, maana sasa nilijua chakula kinaingilia mlango gani. Asilimia kubwa ya unene ule haikuwa imeingia kwa njaa. Nilimweleza Mzee Feruzi, akavuta ndevu, akaniuliza ni kitu gani mtu anaweza kukishika mchana kutwa na asiweze kukitia kinywani. Wote wawili tuligeuka tukatazama gunia la maharage.

Maharage ya posho wakati ule yalikuja na mawe, udongo, na safari moja hata kitasa cha mlango. Kuyachambua kulitutoa jasho. Kesho yake nikampelekea Nkwabi ungo na maharage makavu, nikamwomba atusaidie. Alielewa mara moja, akacheka kwa mara ya kwanza tangu mkewe aanguke. Maharage makavu hayadokolewi. Mikono ikapata kazi, sikio likapata kitu kingine cha kusikiliza, ile chwa chwa ya ungo. Maharage yakiisha alisokota kamba za katani. Na kopo la karanga tukalihamishia kwa karani wa stoo, aliyekuwa mwembamba na zisingemdhuru.

Zikabaki zawadi. Zawadi ni jambo zito, maana kumrudishia mtu kitumbua chake ni kumrudishia upendo wake. Hapo Nkwabi mwenyewe ndiye aliyepata dawa. Alitangaza dirishani kwamba mganga amempa mwiko: hapokei tena kitu chochote ila mboga za majani. Hakusema mganga gani. Basi mngeona wachimbaji wale, wanaume wenye vifua vya chuma, Wahaya, Waha, Wanyamwezi, wanakuja zamu wamekumbatia mafungu ya majani ya kunde na mlenda kama wasichana wanaotoka shambani. Walitaniana njia nzima. Lakini waliyaleta, na Mama Kabula hakupungukiwa mboga msimu mzima.

Chakula chenyewe nitawaambia, ingawa kila mwili una tabia zake. Hatukuondoa ugali. Msukuma bila ugali ni mgonjwa wa moyo. Tulibadilisha nani anatangulia. Kwanza bakuli la nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa na kuchemshwa, au mlenda wa moto na nyanya. Kisha samaki. Hapa nilikuwa na hila yangu: sikumpa sato, nilimpa furu wadogo kutoka ziwani, wa kuchemsha kwa ndimu na pilipili. Furu ana miiba mingi kama sindano, na mwenye haraka hukwamwa. Nkwabi alikuwa na haraka ya kutisha. Alikulia kwenye boma la ndugu wengi, wakila sinia moja, na kwenye sinia anayetafuna polepole hulala njaa. Furu walimfundisha kutafuna upya akiwa mtu mzima. Ugali ulikuja mwisho, wa mtama, kiasi cha ngumi, na mara nyingi alishangaa kuona umebaki.

Jambo jingine alilianzisha mwenyewe. Aliacha kula na wanaume wa jirani, akawa anakula nyumbani mkeka mmoja na mkewe na Kabula, kila mtu na bakuli lake. Wakati ule lilisemwa, maana mwanaume kula na mke na mtoto lilikuwa jambo geni. Alisema anapenda kusikia habari za shule. Na mtu anayesikiliza habari za shule, nimeona, mkono wake hauendi haraka.

Sukari tuliishusha kidogo kidogo kama mtu anayeteremka ngazi kuukuu. Nilitia tangawizi na mchaichai ili ulimi uwe na kitu cha kuzungumza nacho. Samli tuliiacha kwa sikukuu. Na haikuwa safari ya kunyooka. Ilikuja Pasaka, pakachinjwa ng'ombe, Nkwabi akala kwa ajili ya mwaka mzima, kesho yake akakaa na haya, hataki hata kunitazama. Nilimwambia sufuria moja ikiungua hatufungi jiko. Tukaendelea.

Nilimuuliza wakati mmoja anaelewaje jambo hili, yeye asiyetembea, maana kila mtu kambini alisema mtu hupungua kwa kulima na kukimbia. Akanijibu kwa lugha yake.

"Winchi ikisimama, moto wa boila unapunguzwa. Mimi nilisimama, na nyinyi mkaendelea kunichochea."

Hatukuwa na mizani. Tulijuaje kwamba anapungua? Mama Kabula ndiye aliyetuambia. Alisema zile kamba za kitanda hazigusi tena chini. Baadaye mkanda, baadaye mashavu. Na mikono nayo ikaanza kufanya kazi: Nkwabi alifunga kamba yake ya katani kwenye boriti juu ya kitanda, akaweka mafundo kwa ustadi wa mtu wa winchi, na kila asubuhi akajaribu kujivuta mwenyewe. Mwanzoni ilikuwa kelele tupu, boriti inalia, yeye anahema, mkewe bado anamsukuma kwa nyuma. Lakini alijaribu.

Halafu yakaja maneno. Niliwaambia aliyekonda ndiye anayeulizwa. Kambini walianza kunong'ona kwamba Nkwabi amerogwa, wengine kwamba mkewe amemchoka anamnyima chakula ili afe taratibu. Mama Kabula alipita kisimani watu wakanyamaza. Maneno yakapanda lori, yakafika kwao, na lori liliporudi likamleta kaka yake, Masanja.

Masanja alikuwa mtu wa ng'ombe, mkubwa, mpole kwa sura, lakini siku ile alikuja na hasira na kibuyu cha samli. Nilikuwepo, nimepeleka furu. Alimtazama mdogo wake usoni, hakuketi. Hakumwitikia Mama Kabula salamu yake, na hilo lilituuma sote. Akasema amekuja kumchukua. Kwao kuna maziwa, kuna nyama, kuna mama yao mdogo ambaye hataona mtu wa damu yake akinyaushwa na mwanamke. Mama Kabula alisimama pembeni ya moto akiwa ameshika upawa. Nilianza kueleza habari za daktari na goti, Masanja akaniinulia kiganja ninyamaze. Alikuwa na haki. Mimi ni nani kwao?

Nkwabi hakubishana. Alimwomba kaka yake kitu kimoja tu. Alimkumbusha siku alipokuja kumtazama mara ya mwisho, yeye Nkwabi akiwa mnene, jinsi ilivyobidi Masanja na wanaume wengine wawili wamshushe kutoka kwenye toroli, na jinsi mmoja wao alivyoteguka kifundo.

"Nibebe sasa," akasema.

Masanja alidhani anamtania. Lakini mtu akiombwa na ndugu yake kilema, anainama. Akainama, Nkwabi akamkumbatia shingoni, Masanja akainuka naye mgongoni, peke yake. Alisimama hivyo kwa muda. Kisha akatembea. Alimzungusha uwanja mzima, akapita mbele ya milango ya majirani waliokuwa wakichungulia, akarudi. Nilimwona usoni. Hasira ilikuwa inatoka na hofu inaingia mahali pake.

Alimweka chini polepole. "Umekwisha, mdogo wangu," akasema, na sauti yake ilikuwa na machozi.

"Sijakwisha. Nimepungua. Kwisha ni kitu kingine, nilikiona kule shimoni."

Kisha Nkwabi akamweleza yote, mwanzo hadi mwisho, na hakuanza na goti. Alianza na asubuhi ile mkewe alipoanguka. Alimweleza kwamba mwanamke huyu alikuwa akimwinua kila siku, uzito ule ambao wanaume watatu waliugawana, na hakuwahi kusema neno. Masanja alikaa. Mwishowe akageuka kwa Mama Kabula, akamsalimu upya, salamu nzima ya Kisukuma, mwangaluka na habari za nyumba na za mtoto na za mgongo, kama mtu anayeingia uani kwa mara ya kwanza. Mama Kabula aliitikia zote. Akampakulia nsansa na furu. Masanja akala, akakwamwa na mwiba, tukampiga mgongoni, na hapo tukacheka wote.

Kibuyu cha samli hakikurudi. Nkwabi alimshukuru kaka yake, "wabeja sana," akakipokea kwa mikono miwili. Kilitumika chote kumchua Mama Kabula kiuno.

Nkwabi hakuwa mwembamba kama zamani, msije mkadhani ninawauzia dawa ya mnadani. Nyonga haikupona. Hakupanda tena mlima wala hakucheza ngoma. Uvimbe wa goti ulishuka, siku za baridi lilimuuma kama kawaida, na akaweza kwenda kazini kwa magongo yake, akipumzika njiani kwenye mawe aliyoyachagua mwenyewe. Siku hizi mnazo mizani na vipimo, na wauguzi wenu wanajua mambo ambayo sisi tulipapasa. Wasikilizeni. Mimi nawaongezea la jikoni tu: kabla hujambadilishia mtu chakula, kaa naye uone anakula lini, na yuko na nani, na anaogopa nini.

Nimalizie na asubuhi moja, muda fulani baada ya Masanja kuondoka. Nilikuwa napita kwenda jikoni, jua limeshatoka, kambi imeshaamka. Nikamkuta Nkwabi yuko nje amekaa kwenye kigoda, magongo ubavuni, anachochea moto chini ya sufuria ya uji. Kabula alikuwa karibu naye, amevaa nguo za shule, anakunywa chai. Nilishangaa. Saa ile Mama Kabula huwa ameshafagia uwanja na kurudi kutoka kisimani. Nikafungua kinywa nimsalimu kwa sauti, kama ilivyokuwa desturi yetu, nimuulizie mama mwenye nyumba.

Nkwabi akainua mkono haraka kunizuia, akageuka kuutazama mlango uliofungwa nyuma yake.

"Taratibu," akaninong'oneza. "Bado amelala."